Keki ya Tatu ya Verlyn Skogstad

Ndugu Verlyn Skogstad, mjaribu bunduki na mpiga chapa wa Karakana ya Teague hapa Sorrel Fork, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 17 Oktoba, baada ya miaka arobaini na mmoja ya utumishi. Wasomaji wenye kumbukumbu watasema sentensi hiyo wameshaisoma. Ni kweli. Wameisoma mara mbili, na mara zote mbili niliiandika mimi. Mara ya kwanza tulikula keki ya chokoleti, mara ya pili ya karoti. Tulimpigia makofi hadi mlangoni, wengine wakafuta machozi, na Jumatatu yake saa moja asubuhi lori lake lilikuwa limeegeshwa palepale, mwenyewe yuko ndani anakunywa kahawa yangu kwa kikombe changu.

Kwa hiyo mhariri wa jarida hili la karakana aliponiomba wasifu wa tatu nilimwambia achape ule wa zamani, abadilishe tarehe. Akakataa. Alisema safari hii kuna mambo mapya. Nayo yapo, na mengi yake yametuchosha, lakini tuanze na yale yasiyobishaniwa.

Verlyn alizaliwa mashariki mwa Montana, kwenye mashamba ya ngano, mahali ambapo kwa maelezo yake mwenyewe mlima mrefu kuliko yote ni ghala la nafaka. Alifika huku kwetu kijana, na lori lenye breki za kubahatisha na bunduki ya marehemu babu yake iliyokuwa ikikwama. Aliileta kwa Mzee Teague, baba yake Bi Lorna tuliye naye sasa. Mzee akauvuta wenzo mara moja. Kabla hajafungua kinywa, Verlyn akamwambia, "Ni springi ya kucha. Naisikia inavyolia."

"Kama unaisikia, mbona hujaitengeneza?"

"Sina bisibisi."

Mzee akamrushia bisibisi, na kazi akawa ameipata. Ile bisibisi hajairudisha mpaka leo, na hilo naliandika kwa makusudi ili Bi Lorna alione kabla ya Ijumaa.

Kwa faida ya wake na waume zetu, ambao hulisoma jarida hili kwa kukosa la kufanya: bunduki ya wenzo ni ile yenye pete ya chuma chini, panapokaa vidole. Unaisukuma pete mbele, ganda tupu linaruka nje. Unairudisha, risasi mpya inapanda kutoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu na kuingia chemba. Kucha ni kijino cha chuma kinachoishika risasi kitakoni na kuing'oa ikishamaliza kazi. Basi. Sasa mnajua kama sisi, na mnaweza kudai mshahara.

Baada ya miaka michache ya kung'arisha vyuma, Verlyn alikabidhiwa chapa. Ni kipande cha chuma chenye urefu wa kidole. Ukikigonga kwa nyundo kinaacha alama ndogo upande wa ndani wa wenzo, pale pasipoonekana mpaka uufungue. Mzee Teague alikichonga mwenyewe akikusudia mti wa msonobari. Ukatoka unyayo wa kuku, na jina la kuku limebaki. Bunduki isiyo na kuku haitoki mlangoni. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya nyumba hii. Ya pili ni kwamba hakuna anayejigongea kuku kwenye bunduki yake mwenyewe, maana kila mtu ni mpole kwa kilicho chake. Ikumbukeni hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo iliyotulisha keki.

Desturi yetu ni kwamba anayestaafu hutengenezewa bunduki na wenzake. Verlyn alipostaafu mara ya kwanza tulimtengenezea moja nzuri, kitako cha mti wa jozi nilikichonga mimi. Akaipokea, akaufungua wenzo, akachungulia ndani, akasema, "Haina kuku." Ingekuwaje na kuku, na mwenye kuku ni yeye? Mwenyewe haruhusiwi kujigongea, na chapa hakuwa amemwachia mtu. Tukamwambia amwachie mtu. Akatutazama mmoja mmoja kama anayechagua tikiti sokoni, akairudisha chapa mfukoni. Bunduki ikarudi kabatini. Jumatatu akaja "kuiangalia". Akaiangalia miaka miwili. Mara ya pili ikawa vilevile, keki tu ndiyo ilibadilika.

Mtauliza, mtu wa namna hiyo mlimvumiliaje? Kwa shida. Huvaa kizibo cha sikio upande mmoja tu, kwa hiyo upande mmoja hasikii na upande wa pili hataki kusikia. Hutafuna mbegu za alizeti kutwa nzima, na maganda huyatema anakojua Mungu. Bunduki isiyompendeza huifungia utepe wa rangi ya chungwa, kama ule wawindaji wanaoufunga mitini wasipotee, halafu huirudisha bila maelezo, au kwa maelezo ya maneno mawili. Mwaka fulani alimrudishia Darla Perkovich bunduki yenye utepe na kikaratasi: "Kucha haishiki." Darla ni fundi wetu wa chumba cha nyuma, mtu wa Butte, mjukuu wa wachimba madini, mwenye ulimi unaoweza kupasua mwamba bila baruti. Akaifungua bunduki, akakuta ganda la alizeti limejilaza chini ya kucha. Akampelekea mkononi.

"Mzee, hili lako."

Verlyn akalitazama. "Si nilikwambia haishiki?"

Lakini niseme na hili, maana wasifu ni wasifu. Kwa miaka yote hiyo hakuna bunduki yenye kuku wake iliyorudishwa na mteja kwa kosa la chuma. Mbili zilirudishwa kwa kosa la mti, na hizo sipendi kuzizungumzia.

Sasa tuje kwenye fotifaivu.

Fotifaivu ni risasi ya kipimo cha arobaini na tano, na ziko mbili. Ile ndefu ya zamani, ya bastola za silinda, ina ukingo kitakoni, kama ukingo wa sufuria. Na ile fupi, ya bastola za magazini zinazojipakia zenyewe, haina ukingo. Ina mfereji mwembamba unaoizunguka. Tangu karakana hii ifunguliwe tumelisha bunduki zetu risasi zenye ukingo. Lakini nusu ya watu wa wilaya hii wana bastola ya magazini garini, na maboksi ya fotifaivu fupi chini ya kiti, na kila mwaka wanatuuliza swali lilelile: kwa nini msitupe bunduki fupi ya wenzo inayokula chakula hikihiki, tusibebe maboksi mawili? Bi Lorna huwasikiliza wateja kuliko anavyotusikiliza sisi. Akamkabidhi Darla kazi hiyo.

Verlyn aliipokea habari kama mtu aliyeambiwa farasi wake atalishwa samaki aliyelowekwa magadi.

"Risasi isiyo na ukingo ni ndoo isiyo na mkono," alisema. "Utaishika wapi?"

"Kwenye mfereji wake," Darla akajibu. "Nitaichongea kucha ya kuingia humo."

"Kucha ya paka."

"Paka anakamata panya, mzee. Wewe je?"

Haikuwa kazi ndogo. Risasi zile ni fupi, zikitoka bombani zilikuwa zinapanda mbilimbili kama kondoo mlangoni, au moja inasimama wima na kuziba njia. Darla alichonga kijiko cha kuzipandisha, akakitupa, akachonga kingine. Alichonga kucha nyembamba, zikavunjika. Nene, zikakataa kuingia mferejini. Majira ya baridi yalipokwisha alikuwa nayo moja iliyokubali. Alituita chumba cha nyuma, akajaza bomba risasi bandia zisizo na baruti, akavuta wenzo mpaka zikaisha. Zilipanda na kuruka kama mbegu kwenye kikaango. Hata mimi, ambaye chuma kwangu ni kitu cha kushikilia mti, nilipiga makofi.

Kisha ikaenda kwa Verlyn, kwa sababu risasi zenye moto hapa hupigwa na mjaribu peke yake. Ikarudi na utepe. Maneno yalikuwa mawili: "Hailii vizuri."

Na kweli haikulia vizuri. Tulisikia wenyewe kupitia ukuta wa uwanja wa kujaribia. Wenzo unakwenda laini, risasi inaingia, kichocheo kinavutwa, mlio. Wenzo tena, kichocheo, mlio. Wenzo, kichocheo, tak. Nyundo imeshuka, risasi imenyamaza. Darla akabadilisha springi ya nyundo. Tak. Akarefusha pini inayoigonga risasi kitakoni. Tak. Akatengeneza ya pili, ya tatu, kabati likajaa tepe za chungwa kama msitu wa watu waliopotea. Mtu mbishi asiye na haki unamzoea, unacheka naye. Mbishi mwenye ushahidi ukutani anakuondolea hamu ya chakula.

Mwanzoni mwa kiangazi Bi Lorna alisema wazi, mbele yetu sote wakati wa kahawa: "Msimu wa uwindaji ukifunguliwa kabla bunduki fupi haijapata kuku, nafunga chumba cha nyuma. Siwezi kulisha mashine zinazotengeneza vitu vya kufungiwa utepe."

Chumba cha nyuma ni Darla. Mji huu hauna kazi nyingine ya mikono yake. Ingembidi arudi Butte, na paa la nyumba yake hapa ndiyo kwanza amemaliza kuliezeka. Alisikia, akaenda kuosha kikombe. Alikiosha mpaka maji ya moto yakaisha.

Nilimwuliza Bi Lorna kwa nini asiamuru tu bunduki igongwe kuku, mambo yaishe. Akanitazama kama nimemtukania baba yake kaburini. "Kuku haamrishwi, Gaylen."

Nikamfuata Verlyn. "Verl, unamfukuzisha binti wa watu kazi."

"Simfukuzi mimi. Bunduki hailii."

"Basi mwambie kasoro iko wapi."

"Kasoro ni kwamba risasi ya bastola haipendi wenzo. Nimesema tangu mwanzo." Akatema ganda la alizeti kwenye vumbi langu la mbao. Halafu, kana kwamba hilo halitoshi, akatangaza tarehe ya kustaafu kwa mara ya tatu: wiki moja kamili kabla ya msimu kufunguliwa.

Hapa lazima niwaelezee fahari kubwa ya Verlyn, ambayo ni risasi zake. Za kujaribia hazinunuliwi dukani. Huzijaza mwenyewe gerejini kwake, kama wafanyavyo wazee wengi wa hapa majira ya theluji: maganda yaliyotumika, baruti mpya, kichwa kipya, na mwisho kabisa huukunja mdomo wa ganda kwa ndani ukibane kichwa hicho, ili springi ya bomba isikisukume kikazama ndani ya ganda. Anakunja vizuri mno. Ukipitisha kidole husikii ncha. Mkewe alishawahi kusema angekuwa anakunja nguo kwa ustadi huo wangekuwa na ndoa nyingine.

Ikaja Siku ya Shabaha ya mji, mwishoni mwa Septemba, pale chini ya kilima cha machimbo. Mnaijua: watu wazima wenye akili zao wanavaa vizibao vya babu zao, na mkuu wa posta anatembea na masharubu ya kubandika. Darla alikuwa kwenye meza ya pai za matunda ya mlimani, anauza kwa ajili ya kanisa. Verlyn alifika na bunduki fupi moja, utepe bado unaning'inia. Alikuwa ameileta, kwa maneno yake, ili watu wajionee wenyewe wanachokililia.

Aliyejitolea kujionea ni Nyla Bracken, mfuga kondoo wa ng'ambo ya mto, mwanamke aliyekwisha kumfukuza dubu kwa fagio na tangu hapo haogopi kitu chenye miguu miwili. Verlyn akampa bunduki, akamnyooshea kopo la risasi.

"Hizo za nani?" Nyla akauliza.

"Zangu. Nimejaza mwenyewe."

"Mimi sili chakula cha jikoni kwa mtu, Verl. Nina zangu." Akatoa garini boksi la fotifaivu fupi, la duka la vyakula vya mifugo, lenye kona zilizolowa mafuta. Akajaza bomba, akasimama mstarini, mtutu ukaelekea kilima.

Ililia. Akavuta wenzo, ikalia. Sahani za chuma kule mbele zikawa zinapiga kengele moja baada ya nyingine, mpaka bomba likawa tupu. Akajaza tena, akarudia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu na jirani asiyempenda.

"Hii ndiyo mbovu?" alisema. "Nipe hizo mbovu tatu."

"Lete hapa," Verlyn akasema. Akajaza zake. Mlio, mlio, tak. Akasubiri, mtutu kilimani, kama inavyotakiwa. Akaing'oa ile iliyonyamaza, akaweka nyingine. Tak. Nyuma yetu watu walianza kuacha pai. Darla alikuja akiwa bado na aproni, mikono ina zambarau ya matunda, akasimama kando akijifuta vidole kwenye aproni, kimoja kimoja. Kwa aliyewahi kufanya kazi na Darla, upole huo ndio uliotisha.

Nyla aliiokota ile iliyonyamaza. Akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole mdomoni mwa ganda.

"Verl, hizi umezikunja?"

"Nimekunja kama kawaida."

"Kawaida ya nini?"

Verlyn aliitazama ile risasi kwenye kiganja cha Nyla, na tukaona jambo lenyewe likimwingia polepole, kama baridi inavyoingia kwenye kiatu. Sufuria yenye ukingo hukaa juu ya jiko kwa ukingo wake; mdomo ufanye upendavyo. Isiyo na ukingo haina pa kuning'inia. Fotifaivu fupi husimama chemba kwa mdomo wake, ile ncha ndogo ya mbele ndiyo inayogota na kuizuia. Ukiikunja ndani kama ile ndefu, haina cha kugota, inateleza mbele kidogo, na pini ikija inaikuta imeshaondoka. Iliposhikwa vizuri na kucha ya Darla, ililia. Isiposhikwa vizuri, tak. Kwa maneno mengine, miezi yote ile kucha ya paka ilikuwa ikiokoa risasi za Verlyn zisiaibike zaidi ya zilivyoaibika.

"Mzee," Darla akasema, taratibu sana. "Nimebadilisha springi. Nimerefusha pini. Nimekata chuma cha kujenga daraja. Na ugonjwa ulikuwa gerejini kwako."

Nilidhani Verlyn atasema risasi ya bastola haipendi wenzo. Akachukua kopo lake, akaingia kwenye lori, akaondoka bila kula pai, na pai alikuwa ameshaichagua.

Jumatatu iliyofuata nilifika mapema, nikamkuta chumba cha nyuma. Hakuwa na kahawa yangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Darla, mbele yake boksi la risasi za dukani, na anafungua tepe za chungwa kwa vidole, moja moja, anaziviringisha na kuziweka mfukoni. Bunduki zote alizibeba uwanjani. Asubuhi nzima tulisikia milio kupitia ukutani, halafu kimya kifupi, halafu ko, nyundo juu ya chapa. Milio, kimya, ko. Darla aliingia katikati ya hayo, akasimama mlangoni na koti mwilini, akahesabu kwa midomo bila sauti. Kisha akavua koti.

Bunduki moja ilirudi na utepe uleule.

"Hii nayo?" Darla akauliza.

"Hiyo kweli mbovu," Verlyn akasema. Darla akaipima. Ilikuwa kweli mbovu. Kucha ilikuwa na ufa. Akaitupa kwenye pipa la chuma chakavu na nadhani hapo ndipo walipopatana, ingawa sura zao hazikusema hivyo.

Wakati wa kahawa Verlyn alisimama mbele ya Bi Lorna na sisi sote. Tulitegemea hotuba. Alisema neno moja: "Nilikunja." Akakaa. Tangu siku hiyo neno limepata kazi humu ndani. Mtu akikosea kwa kiburi tunasema amekunja. Mhariri alipoandika jina la Bi Lorna vibaya toleo lililopita, alikunja. Bi Lorna mwenyewe aliponunua gundi ya bei rahisi, nilimwambia kwa heshima zote kwamba amekunja.

Chumba cha nyuma hakifungwi. Bunduki fupi zenye kuku zimeshaondoka, na tatu zimekwenda ng'ambo ya mto kwa Nyla Bracken.

Ikabaki ile ya Verlyn. Safari hii tuliamua kumtengenezea bunduki fupi ya fotifaivu isiyo na ukingo, nusu kwa heshima na nusu kwa uchokozi. Chuma kilikuwa cha Darla, mti ulikuwa wangu. Jana Jumatano tulimpa, kabla ya sherehe, kwa sababu sote tulijua atasema nini. Akaufungua wenzo, akachungulia.

"Haina kuku."

Akaitoa chapa mfukoni. Tukajua sasa atatutazama mmoja mmoja, lakini hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Darla, akaiweka kwenye kiganja chake pamoja na utepe mmoja wa chungwa uliokuwa umeviringishwa.

"Huyu kuku," alisema, "haonei mtu haya."

"Najua."

"Hata mimi."

"Wewe ndiyo kabisa, mzee."

Darla akaibeba bunduki uwanjani. Verlyn akabaki nje ya ukuta, sikio lisilo na kizibo limeelekea mlangoni, mbegu hatafuni. Milio ikaenda vizuri. Kisha kimya. Kimya kikawa kirefu, na ko haikuja. Mlango ukafunguka, Darla akatoka na bunduki, na utepe wa chungwa umefungwa kwenye wenzo, fundo safi.

Miaka arobaini na mmoja, keki tatu, na zawadi yake inafungiwa utepe mbele ya macho yake. Nikamtazama Verlyn, nikatarajia makubwa.

"Kasoro iko wapi?" aliuliza.

"Wenzo unakwaruza ukifika mwisho. Chuma ni kizima." Darla akanigeukia mimi. "Ni mti. Unabana."

Verlyn alicheka mpaka ikabidi apigwe mgongoni. Akaushika ule utepe, akalijaribu fundo, akamwambia Darla, "Sasa naweza kwenda." Kisha akaniambia mimi, "Kuna mtu amekunja."

Ndiyo sababu wasifu huu umechelewa kumfikia mhariri. Usiku sikuandika, nilikuwa nakwangua mti wa jozi. Leo Alhamisi adhuhuri nilimrudishia Darla bunduki, akaenda nayo uwanjani, na Verlyn akasimama tena pale nje na kofia mkononi. Milio. Kimya. Ko. Verlyn akasema, "Kuku," kwa sauti ya chini, akavaa kofia.

Pale juu niliandika kwamba bisibisi ya Mzee Teague hajairudisha mpaka leo. Jioni hii nimepita chumba cha nyuma kuzima taa, nikaikuta kwenye meza ya Darla, imefutwa mafuta, mpini umefungwa kipande cha utepe wa chungwa. Sentensi ile siifuti; ilikuwa kweli nilipoiandika.

Ndugu Verlyn, umetuchosha, na kwa uchovu huo tunakushukuru, maana hakuna mteja aliyewahi kuchoka kwa sababu yetu. Mshukuru na mkeo kwa niaba yetu, na tunamwombea subira, sasa ni zamu yake ya kutwa nzima. Keki ya safari hii ni ya tufaha, na tunaila bila wasiwasi. Tunakutakia maisha mema, swala wa kutosha na theluji ya kiasi, na Jumatatu ukizinduka mapema kwa mazoea, geukia upande wa pili ulale.

Gaylen Fosse, chumba cha mbao